Tabo Tuliyoifunga Kwenye Gari la Odongo

Mmekuja mara tatu sasa, nyinyi vijana wa gereji za barabara ya Rangwe, na mara zote mnaniuliza kitu kimoja: Mzee Owiti, inawezekana kufunga tabo kwenye injini ya petroli ambayo haikutoka nayo kiwandani? Mara ya kwanza niliwapa chai. Mara ya pili nikajifanya nasinzia. Mara ya tatu mmoja wenu akasema, akidhani masikio yangu yamechoka pamoja na magoti, "Huyu buda hajui kitu, ni mdomo tu." Haya basi. Nimechukua daftari nitawajibu, lakini nitajibu kwa njia yangu. Atakayeona ninamzungusha aende akaangalie kwenye simu yake, huko kuna watu wanafunga tabo kwa dakika kumi na shati lao halijachafuka.

Inawezekana. Niliifunga moja maishani mwangu, ikafanya kazi miezi mitatu, na mpaka leo natamani siku ile ningekuwa mgonjwa kitandani.

Mtanisamehe kwa Kiswahili. Najua hapa nyumbani tunaongea Dholuo, na nyinyi mna Sheng yenu ambayo hata mama zenu hawaielewi. Lakini mambo ya injini mimi nimeyaongea kwa Kiswahili zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu mwenzangu wa kazi alikuwa Mkuria wa Ntimaru, jina lake Marwa. Marwa hakujua Dholuo zaidi ya salamu na matusi. Mimi Kikuria sikujua hata hayo matusi. Kiswahili ndicho tulichokuwa nacho wawili, na tulikitumia kwa kila kitu, kuanzia spana mpaka misiba. Siku hizi sina wa kuongea naye. Mke wangu ametangulia, watoto wako Nairobi na Nakuru, na wakipiga simu wanauliza kama nimekula. Asubuhi nyingine nikikoroga uji wangu najikuta nimesema kwa sauti, "Marwa, nipe kumi na saba," na hakuna wa kunipa hiyo spana isipokuwa kuku. Ni upweke mbaya, nisiwafiche.

Gereji yetu ilikuwa mabati manne na mti wa mjohoro. Mimi nilikuwa mtu wa injini, Marwa alikuwa mtu wa kuchomelea. Alikuwa mfupi, mbishi, na akichomelea alikuwa anakisemesha chuma, kwa Kikuria, polepole. Mteja mmoja wa Oyugis aliwahi kuondoa gari lake akidhani Marwa analiloga. Tulicheka wiki nzima. Marwa alisema, "Mwambie nilikuwa naliambia lishike vizuri, sasa litaachia." Na kweli liliachia, lakini kwa sababu aliliondoa kabla halijamalizika.

Mimi mwenyewe nilifundishwa Homa Bay na fundi mmoja mzee ambaye tulimwita Japuonj, yaani mwalimu. Alinifanya nioshe nati kwa petroli mwaka mzima kabla hajaniruhusu kugusa injini inayonguruma. Ndiye aliyenifundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, nisikie beringi inayolia. Fanyeni hivyo hata leo, wacheni kukimbilia mashine ya kompyuta kwa kila kitu. Japuonj alikuwa akituambia kwamba injini haijui kudanganya, anayedanganya ni mwenye gari, ati mafuta alibadilisha juzi. Hakutuambia kwamba fundi naye anaweza kudanganya. Labda aliona haya.

Sasa Odongo. Odongo alikuwa mfanyabiashara wa omena, dagaa wetu wa ziwani. Kwao ni Rusinga, lakini aliishi Migori mjini na mkewe Akinyi. Alibeba magunia ya omena kutoka Mbita mpaka Migori kwa stesheni wagoni yake ya petroli, injini ya elfu moja mia nane. Tambarare gari lilikwenda. Likifika mlimani na mzigo, masikini, lilianza kuomba ruhusa. Siku moja alikuja gerejini amekasirika mpaka macho mekundu.

"Fundi, leo nimepitwa na trekta ya miwa."

"Si trekta nayo ina haki ya barabara," nikamwambia.

"Dereva alinipungia mkono! Ati pole!"

Marwa aliweka chini kinyago chake cha kuchomelea akacheka mpaka akakaa chini. Odongo hakucheka. Alirudi kwenye gari akatoa gunia lililonuka omena, na ndani ya gunia kulikuwa na tabo, ameing'oa kwenye pikapu ya dizeli iliyokuwa imepinduka. "Hii hapa," akasema. "Fungeni."

Ilikuwa makosa kukubali, na makosa hayo ni yangu. Marwa alisema hapana. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye gazeti moja la magari, na nilitaka kuwa mtu wa kwanza barabara hii kuifanya.

Sikilizeni basi, hii ndiyo sehemu mliyoijia. Tabo ni pangaboi mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye ekzosi unazungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa ndani ya injini. Injini ya kawaida inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe; hii inalishwa kwa nguvu. Hewa ikizidi unaongeza petroli, na nguvu inakuja. Rahisi, si ndiyo? Tatizo ni kwamba injini isiyotoka kiwandani na tabo tayari kompresheni yake iko juu, yaani inabana hewa sana ndani ya silinda. Ukiisindilia hewa nyingine, moto unalipuka mapema kabla pistoni haijafika mahali pake. Utasikia inagonga, kama changarawe kwenye kopo. Ukisikia changarawe, toa mguu. Usimwambie mwenye gari ni barabara mbaya.

Manifoldi ya kwanza, ile inayopeleka moshi wa injini kwenye tabo, Marwa aliitengeneza kwa bomba la maji. Ilipasuka siku ya pili, mbele ya kanisa, kwa kishindo kilichomkatiza mchungaji. Ya pili aliitengeneza kwa chuma kinene, akachomelea kidogo kidogo, kisha akaifukia kwenye majivu ya moto ipoe polepole mpaka kesho yake. Hiyo haikupasuka tena. Andikeni hilo la majivu, halimo kwenye simu zenu.

Oili nayo. Tabo inakula oili ya injini, na bomba la kurudisha oili lazima lishuke moja kwa moja, nene, bila kona. Mimi nililipitisha kwenye kona ili lipendeze. Gari likatoka gerejini likitoa moshi wa bluu, na watu wa Rangwe wakatoka nje wakiuliza kama serikali imekuja kupulizia mbu. Injekta zinazopulizia petroli tulibadilisha, tukachukua za injini kubwa zaidi. Gasketi ya silinda hedi, ile inayokaa kati ya bloku na kichwa cha injini, ilitakiwa iwe nene, ya chuma, ili kompresheni ishuke. Hatukuipata. Tukafunga ya kawaida, mpya.

"Hii ni karatasi," Marwa akasema, ameishika kwa vidole viwili.

"Tutaweka hewa kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

Tulipima pamoja. Kuna fimbo ndogo pembeni ya tabo inayofungua mlango wa moshi, na nati yake ndiyo inayoamua hewa iwe kiasi gani. Tulipofika mahali ambapo injini haigongi, Marwa alichukua rangi nyekundu akatia tone juu ya nati. "Owiti," akasema, "hapa hakuna mtu anagusa. Hata wewe." Nikamwambia sawa.

Na ilikwenda! Yawa, ilikwenda. Odongo alipanda ule mlima na magunia kumi na mbili akiwa anapiga honi peke yake. Alimpita yule wa trekta akampungia mkono wote mpaka begani. Watu walikuja kutoka Migori, kutoka Kendu, kufunua boneti tu waone. Waliniita Fundi wa Tabo. Kichwa kikanivimba. Nilikuwa nikipita sokoni natembea taratibu ili wapate nafasi ya kuniita.

Kisha mama yake Odongo akafariki.

Mama Dorsila alikuwa mjane, mtu wa Rusinga kabisa. Alipougua, Odongo na Akinyi walimleta Migori awe karibu na hospitali. Yeye hakutaka. Kila siku aliomba arudishwe nyumbani kwake, na Akinyi ndiye aliyemkatalia. "Maliza dawa kwanza, mama, halafu nitakupeleka mimi mwenyewe." Akinyi ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Lakini kwa jamaa wa Rusinga zilifika habari moja tu, kwamba mke wa Odongo amemfungia mama mjini. Mama akafia Migori dawa hazijaisha.

Odongo aliapa mama yake atakwenda nyumbani kwa gari la mwanawe. Jeneza likae juu, kwenye kareia, na yeye mwenyewe aendeshe. Na mnajua utaratibu wetu: gari lenye marehemu linatangulia, wengine wote nyuma, hakuna wa kulipita. Likitambaa, msafara wote unatambaa. Siku moja kabla ya safari alikuja Rangwe peke yake. Macho yalikuwa yamevimba.

"Fundi, kesho nitakuwa na mama juu na watu saba ndani. Nikishindwa na mlima watu watasema hata kumbeba mama yangu nimeshindwa. Niongezee kidogo."

Marwa alikuwa ameenda Homa Bay kununua fito za kuchomelea. Ningeweza kumngoja. Sikumngoja. Nilimwonea huruma Odongo, hilo ni kweli, lakini pia nilitaka watu wote wa msafara waione kazi yangu ikipanda. Nilivunja ile rangi nyekundu kwa spana, nikazungusha nati mara mbili. Kisha nikapaka rangi nyingine juu yake.

Tuliondoka Migori asubuhi, jua zuri. Mimi na Marwa tulikuwa kwenye gari la tatu. Tulipita Rongo salama, nyimbo zinaimbwa, matawi yamefungwa kwenye boneti. Kwenye ule mwinuko kabla hujafika Rodi nikasikia changarawe. Niliisikia kutoka gari la tatu, dirisha wazi. Marwa akanigeukia. Mara moshi mweupe ukatoka nyuma ya gari la Odongo, mwingi, wenye harufu tamu ya maji ya rejeta, na gari likasimama katikati ya mlima na jeneza juu yake.

Msafara wote ukasimama. Watu walishuka, kama arobaini hivi, wakatuzunguka. Nilifungua boneti. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hata mwanafunzi wa siku mbili anajua maana yake: maji yameingia kwenye oili, gasketi imekufa. Niliijua sababu, niliijua nati, niliujua mkono ulioizungusha.

"Fundi, gari ina nini?" Odongo akauliza.

Nilipangusa kile kijiti kwenye suruali yangu, nikakirudisha mahali pake.

"Sioni kitu," nikasema.

Msiniulize kwa nini. Nimejiuliza miaka tisa. Niliogopa, hilo la kwanza. Vijana wa matanga wana hasira, na mtu anayekwamisha maiti njiani anaweza kupigwa. Lakini la kweli zaidi ni kwamba niliona aibu. Watu wale walikuwa wakiniita Fundi wa Tabo. Nilijiambia nitamweleza Odongo baadaye, tukiwa wawili, mambo yakitulia.

Kama fundi haoni kitu, basi si gari. Ndivyo watu wetu wanavyofikiri, na nyinyi mnajua. Baba mdogo wa Odongo, mzee mrefu mwenye fimbo, akasogea mpaka kwenye jeneza akaweka kiganja juu ya ubao. Akasema naye kwa upole, kama unavyosema na mtu aliyekaa ndani ya nyumba: "Min Odongo, mama Odongo, kuna nini? Tumekukosea wapi? Tunakupeleka kwako, usitukatalie." Kisha mama mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia: "Alipotaka kwenda alizuiwa. Sasa na yeye amekataa."

Macho yote yakamwendea Akinyi.

Alikuwa amekaa ndani ya gari la Odongo, mahali anapokaa mke wa mwenye msiba. Walimwambia ashuke. Alishuka. Walimwambia aongee na mama mkwe wake. Alipiga magoti kwenye lami yenye jua, akashika bampa kwa mikono miwili, akasema, "Mama, kama nilikukosea nisamehe. Mimi nilitaka upone tu." Alisema hivyo mara nyingi, na sauti ikawa inakatika.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nafanya kazi, ndugu zangu. Wakati wanaomba, mimi niliongeza maji kwenye rejeta taratibu. Nililegeza kifuniko chake ili presha isipande. Nilichomoa bomba la hewa ya tabo, injini ivute kwa pumzi yake kama zamani. Injini ilikuwa imepoa karibu saa nzima. Mkiharibikiwa njiani na gasketi fanyeni hivyo hivyo, mtajikokota mpaka nyumbani. Akinyi alipomaliza, yule mzee akasema amina, Odongo akazungusha ufunguo, na gari likawaka.

Watu walilia kwa sauti moja. "Amesikia! Mama amesikia!" Wengine walimwinua Akinyi, lakini hawakumrudisha mbele. Walimweka kwenye gari la mwisho.

Kabla ya hapo nilikuwa nimenyamaza tu. Baada ya hapo nilikuwa nimewapa ushahidi dhidi ya Akinyi. Marwa alikuja akasimama karibu nami, akaangalia suruali yangu, lile doa la rangi ya chai.

"Owiti, hiyo ni nini?"

"Oili."

"Ulizungusha nati."

Nilifunga boneti.

"Sema," akasema. "Sema sasa hivi. Mimi hapa ni mgeni, lugha yenu sijui, nikisema mimi watadhani ninatukana msiba wao. Wewe ni mtu wao. Sema."

Nilisema tuingie garini, tunachelewesha watu.

Tulifika Rusinga alasiri, tukisimama kila baada ya mwendo mfupi kuongeza maji. Gari lilikufa kabisa langoni kwa Mama Dorsila, beringi zimekwisha, na hata hilo watu walilipenda: ati amefika, ameliruhusu lipumzike. Siku zile zote za matanga hakuna aliyekula chakula alichopika Akinyi. Sufuria zake zilirudi jikoni zimejaa. Nililiona kwa macho yangu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokula kwa sufuria nyingine.

Jumatatu Marwa alikuja gerejini mapema, akaanza kufunga mashine yake ya kuchomelea kwenye mkokoteni. Nilimwambia asifanye utoto. Nilimwambia nitaenda kwa Odongo wiki hiyo hiyo. Alifunga kamba, akaikaza, ndipo akaniangalia.

"Mimi sitachomelea kitu tena na mtu anayemwachia marehemu kosa lake."

Akaenda Ntimaru. Nasikia alifungua kibanda chake huko, anatengeneza milango na mageti. Mimi nilibaki na mabati manne na nusu ya kazi, kwa sababu gari linaloletwa kwa fundi asiye na mtu wa kuchomelea linaondoka jioni hiyo hiyo. Kwa Odongo sikuenda. Wiki ikawa mwezi. Odongo alirudi Migori peke yake, akamwambia Akinyi abaki Rusinga atunze boma. Baada ya muda akaoa mke mwingine mjini. Sisemi ni gasketi iliyomwachisha mke. Mtu aliyetaka kwenda angepata sababu. Lakini sababu hii nilimpa mimi, mkononi.

Kila Krismasi nilikuwa nampigia Marwa simu. Alikuwa anapokea, sitamsingizia. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Owiti."

"Marwa. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Umeshasema?"

"Bado, ndugu yangu."

"Haya. Krismasi njema."

Anakata. Mwaka mzima nasubiri maneno hayo machache, na nikishayapata nakaa nimeshika simu kama mjinga. Mke wangu alipokuwa hai alikuwa ananiambia, "Si uende tu, kwani Rusinga ni Ulaya?" Aliondoka sijaenda. Nilipofunga gereji nikajikuta sina kisingizio cha kazi, sina wa kunituma, sina hata gari la mtu la kujifichia chini yake. Ndipo nilipokwenda Rusinga, mwaka huu, mvua zilipoisha. Akinyi mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuwaandikia haya. Nilimuuliza kama nibadilishe jina lake, akasema liandike lilivyo.

Nilimkuta uani anaanika omena kwenye chandarua. Nywele zimeanza mvi. Boma lilikuwa kimya, watoto wake wako shule za bweni. Kaburi la Mama Dorsila liko pale karibu na nyumba, limefagiwa, hakuna hata jani. Alinitambua, akafuta mikono, akaniita Jaduong', yaani mzee, akaniletea kiti na chai. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Njia nzima kwenye pikipiki nilikuwa najipanga jinsi nitakavyovumilia kutukanwa. Nikamwambia yote, nati, rangi, kijiti, suruali. Nilisema haraka haraka nikiangalia kikombe, na nikamaliza kwa kusema nilikosa sana.

Hakutukana. Aliuliza, "Gasketi ni nini?"

Nikaona nimesema yote na hajaelewa kitu. Niliomba sufuria na kifuniko. Nikararua kipande cha boksi, nikakikata kwa kisu chake duara, nikakiweka kwenye mdomo wa sufuria, nikafunika juu. Hii sufuria ni injini, nikamwambia, ndani kuna moto. Huku pembeni kunapita maji ya kuipoza. Hiki kipande cha boksi ndicho kinachozuia moto usikutane na maji, na maji yasikutane na oili. Mimi niliongeza hewa, moto ukawa mkali kuliko boksi. Boksi likaungua hapa. Maji yakaingia hapa. Gari likasimama.

Alichukua ile sufuria mikononi mwake. Akafunua, akaangalia kile kipande, akakigusa ukingo.

"Likasimama kwa sababu ya hiki."

"Kwa sababu ya hicho, na mkono wangu."

"Na lilipowaka?"

"Lilikuwa limepoa. Niliongeza maji. Lingewaka hata kama hakuna aliyeomba."

Aligeuka akaangalia kaburini. Akasema bila kuniangalia, "Kila asubuhi nafagia pale, naomba msamaha. Miaka tisa. Nilikuwa namuuliza, mama, mbona nilikulisha kwa mkono wangu na bado ulinikasirikia hivyo? Nilifikiri kuna kitu nilimfanyia na sikumbuki." Kisha akaniangalia. "Kwa hiyo mama hakunikataa?"

Nililia, vijana. Mzee wa umri wangu, mbele ya mke wa mtu.

"Hakukukataa, nyathina, mwanangu," nikamwambia. "Hakusema kitu. Alikuwa amelala tu."

Akinyi alirudisha kile kipande cha boksi kwenye mdomo wa sufuria, akakilinganisha vizuri kwa vidole, akafunika, akaiweka mbele yangu. Ng'ambo ya ua kulikuwa na majirani wawili wanapepeta mahindi.

"Rudia," akasema. "Simama, na useme kwa sauti."

Nikasimama, nikarudia. Nilipofika kwenye mkono wangu na ile nati, wale wa ng'ambo waliacha kupepeta. Nilipomaliza nikataka kukaa.

"Tena," akasema Akinyi.